Kujenga nyumba ya wazee Moshi na Arusha: anza na safari ya kutoka kitandani hadi chooni

Nimesimamia ujenzi kwa miaka mingi upande huu wa mlima: nyumba za watu, madarasa, zahanati. Kazi iliyonifundisha zaidi ni nyumba za wazee. Kijana akikuta kizingiti kirefu anakiruka na kusahau. Mzee anajikwaa, anavunjika nyonga, na kuanzia siku hiyo maisha yake yanakuwa mengine.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake, na makazi ya pamoja yawe hatua ya mwisho. Nakubaliana nayo kabisa. Lakini wapo wasio na mtoto wala ndugu. Wapo pia ambao watoto wao wako Dar au Mwanza na nyumba ya kijijini imebaki tupu, na wapo ambao ugonjwa wao umezidi nguvu za mke mwenye miaka 78. Kama parokia yenu, usharika, msikiti au kikundi chenu kimeamua kuwajengea hawa, fuateni hatua zilizo hapa. Katika kila hatua jiulizeni maswali mawili: je, hapa mzee ataweza kufanya mwenyewe kile anachokiweza? Na mgeni akija, mzee atabaki kuwa mwenyeji wake?

Hatua ya 1: Kaa na wazee kabla ya kuchora ramani

Tafuta wazee sita au saba, kanisani, msikitini au kwenye kliniki ya presha, ukae nao nusu siku. Ukimuuliza bibi anataka nyumba ya namna gani, atakuambia yoyote tu mwanangu, maana hapendi kuonekana msumbufu. Uliza mambo ya kushikika. Ukiamka asubuhi unaanza na nini? Usiku unaamka mara ngapi, na ukiinuka unashika wapi? Jua unaliota wapi? Mgeni unamkalisha wapi? Kazi gani hutaki mtu akufanyie?

Mama mmoja wa Uru alinijibu hilo la mwisho bila kufikiri: kumenya ndizi. Akaongeza kwamba hataki chumba kinachotazama ukuta, anataka awaone watu wanaopita kwenda sokoni. Tulikuwa tumeshapanga madirisha yatazame nyuma ili wazee wapate utulivu. Tukayageuza.

Alichosema mama yule kina ushahidi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala kwenye vyumba vyenye dirisha la kutazama miti waliruhusiwa mapema, na walihitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Dirisha halina gharama ya ziada ukilipanga mapema. Likishajengwa vibaya, kulihamisha ni kubomoa.

Katika hatua hii hii mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu. Atawaeleza masharti ya kusajili kituo, na anaweza kuwaombea ruhusa ya kutembelea makazi ya wazee ya serikali yaliyopo Njoro, Moshi. Nendeni na daftari, muongee na wanaofua na wanaopika, maana wao ndio wanaojua nyumba inapouma.

Hatua ya 2: Chagua kiwanja ambacho mgeni anafika

Vikundi vingi hupewa au hununua eneo la bei nafuu mbali na mji, penye ukimya. Hilo ni kosa. Kiwanja kizuri cha wazee ni kile ambacho mjukuu anashuka kwenye daladala na kutembea dakika tano. Pikipiki ifike, gari la wagonjwa ligeuze, na masika barabara ipitike. Kengele ya kanisa au adhana ikisikika, ni faida. Wazee hawaogopi kelele za watoto wa shule kama tunavyodhani.

Angalia maji. Arusha imekatwa na mito kama Themi na Naura, na Moshi kuna Rau, Karanga na Njoro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria au la, nenda eneo hilo mwezi Aprili, uwaulize majirani maji yaliwahi kufika wapi. Uliza pia kuhusu udongo. Tambarare za chini ya Moshi zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi wa kawaida hapo hupasua kuta na kuinua sakafu. Sakafu ikiinuka sentimita 2 tu, mzee ameshapata pa kujikwaa.

Mteremko mkali ukwepe. Kama hamna eneo jingine, sambazeni majengo kufuata kontua, yaani mistari ya ardhi yenye kimo kimoja, na kila nyumba ibaki tambarare ndani.

Hatua ya 3: Jenga nyumba ndogo kadhaa, acha bweni

Jengo refu lenye korido katikati na vyumba 20 kila upande ni rahisi kuchora na rahisi kusimamia. Ndani yake mzee anakuwa mtu wa chumba namba fulani. Gawa wazee katika nyumba za watu 8 hadi 10, kila nyumba na sebule yake, meza yake na jiko lake, zikizunguka uwanja mmoja. Huko Marekani daktari Bill Thomas aliasisi nyumba za aina hii, na za kwanza zilifunguliwa Tupelo, Mississippi, mwaka 2003, kila moja ikiwa na watu 10. Sisi tuliokulia kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, au boma hatuhitaji kufunzwa: nyumba kadhaa, uwanja mmoja, na kila mtu anajua nani hajaonekana tangu asubuhi.

Nyumba ndogo zinasaidia pia kukija homa ya kuambukiza. Unatenga nyumba moja, nyingine zinaendelea na maisha.

Kila mzee apate chumba chake, na vyumba viwili katika kila kumi viwe vya wanandoa. Mlangoni andikeni jina analoitwa nyumbani kwao, Mama Fulani au Babu Fulani, na ufunguo awe nao mwenyewe, ila wahudumu wawe na wa akiba.

Hatua ya 4: Pima safari ya chooni

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mzee anaamka saa nane usiku. Kichwa kizito, macho hayajazoea, miguu ya baridi, na haja inambana. Kila kitu kilichopo kati ya kitanda na choo kinamhusu. Chora mstari kutoka ukingoni mwa kitanda hadi chooni, usizidi mita 5. Ukiweza, kila chumba kiwe na choo chake. Ukishindwa, vyumba viwili vichangie kimoja kilicho katikati yao. Mlango wa choo uonekane mtu akiwa bado amelala, kwa sababu anayeuona choo hukikumbuka.

Kitanda kiwe na urefu wa sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, ili akikaa pembeni nyayo zake zikanyage chini. Kutoka hapo pawe na kitu cha kushika mfululizo: ukingo wa kitanda, kisha bomba la ukutani, kisha fremu ya mlango, kisha bomba la chooni. Mzee asiwe na hatua hata mbili za kuelea hewani.

Mlango uwe na upana wazi wa sentimita 90. Msisitize fundi neno *wazi*. Ukimwambia mlango wa futi tatu atapima fremu kwa nje, na utakachobaki nacho ni kama sentimita 80, kiti mwendo kinakwaruza vidole vya mtu. Ndani ya choo acha duara la mita 1.5 la kugeuzia kiti. Na mlango wa choo ufungukie nje. Mzee akianguka ndani, mwili wake huziba mlango unaofungukia ndani, na mtakuwa mnamsikia anaomba msaada huku mnavunja bawaba.

Masinki mengi ya kukaa yanayouzwa madukani ni mafupi, na mwenye magoti mabovu akishuka hapandi. Jenga jukwaa dogo la zege chini yake mpaka kiti kifike sentimita 45 hadi 48. Jukwaa lisizidi upana wa sinki lenyewe, vinginevyo umemtengenezea ngazi. Pande zote mbili weka mabomba ya kushika. Namna nzuri ya kupata kimo chake ni kumkalisha mzee pale, kabla ya plasta, umwombe ainuke na uweke alama mahali mkono wake unapotafuta. Bomba la chuma la inchi moja na robo linashikika vizuri. Lifungwe kwa bolti ndani ya zege au tofali lililojazwa, kamwe lisitegemee plasta. Kisha wewe fundi ning'inia juu yake kwa uzito wako wote. Kama unaogopa kuning'inia, hujamaliza kazi.

Bafu lisiwe na ukingo wa kuruka. Sakafu iteremke taratibu kuelekea kwenye tundu la maji, basi. Wazee wetu wengi hawapendi bomba la mvua, wanaoga kwa ndoo na kata, na ndoo iliyo chini humlazimu mtu ainame mara 30 akiwa ameloa sabuni. Jenga kibaraza cha zege cha sentimita 50 ukutani cha kuweka ndoo, na kando yake kiti cha zege au cha mbao kilichofungwa imara. Kwa Waislamu weka bomba la chini karibu na kiti hicho, mtu atawadhe akiwa amekaa na mguu wake ufike kwenye maji bila kusimama kwa mguu mmoja.

Kamba ya kengele ifike karibu kabisa na sakafu, sentimita 10 tu juu yake. Anayeihitaji zaidi ni yule aliyekwisha kuanguka.

Hatua ya 5: Sakafu, rampu na mwanga

Makosa ya kwanza niliyoyafanya katika kazi hii yalikuwa ya sakafu. Tuliweka marumaru zinazong'aa barazani, wafadhili wakapiga picha, kila mtu akasifu. Mvua ya kwanza ilipopulizwa na upepo hadi barazani, bibi mmoja aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Nililitazama bandeji lake kwa wiki sita. Tangu siku hiyo ndani naweka sakafu ya saruji iliyolainishwa bila kung'arishwa, au marumaru zenye mkwaruzo hata chooni, na barazani saruji iliyopigwa ufagio ikiwa mbichi.

Mng'ao una madhara mengine. Jicho la uzee huuona kama maji, na mzee anaanza kunyata au kukataa kupita. Zulia jeusi katikati ya sakafu nyeupe huonekana kama shimo. Sakafu iwe ya rangi moja tulivu nyumba nzima, kuta ziwe nyeupe kidogo kuliko sakafu, na vitu vya kushika viwe na rangi inayojitokeza: bomba la bluu kwenye ukuta mweupe, kiti cha choo cha rangi tofauti na sinki. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaoingia jicho la kijana wa miaka 20. Taa unayoiona wewe inatosha, kwake ni giza. Zidisha taa, lakini zisimpige machoni. Usiku weka taa ndogo ya chini, karibu na sakafu, inayoonyesha njia ya chooni.

Rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Msingi wa sentimita 45 unadai rampu ya mita 5.4, na fundi atakuambia nafasi haitoshi. Basi punguzeni kimo cha msingi kwa kuchonga ardhi na kuelekeza maji pembeni. Usikubali kuifupisha rampu.

Hatua ya 6: Jua la Moshi si la Arusha

Moshi mjini uko karibu mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400. Tofauti hiyo mzee anaisikia mifupani. Januari na Februari Moshi joto la mchana hupita nyuzi 30. Usiku wa Julai Arusha hushuka mpaka nyuzi 12 hivi, na ukungu unaweza kulala hadi saa nne asubuhi.

Tuko kama nyuzi 3 kusini ya ikweta. Juni jua la mchana liko kaskazini kwetu, Desemba liko kusini, na nyakati zote mbili liko juu sana, hivyo paa lililotokeza sentimita 75 hadi 90 linalikinga dirisha. Jua gumu ni la asubuhi na la jioni linaloingia limelala. Kwa hiyo upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi ubaki na madirisha machache. Moshi, panda miti upande huo. Arusha, vyumba vya kulala vipate madirisha ya mashariki ili jua la asubuhi liingie kitandani, kwa sababu mzee aliyelala na baridi huamka akiwa amekakamaa na ndiyo saa anayoanguka.

Siling'i ni ya lazima, na siyo kwa joto tu. Mvua kubwa juu ya bati tupu humkata kabisa mzee mwenye masikio mazito: haisikii kengele, hamsikii mwenzake. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata usiku mmoja. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Toeni mablanketi, chupa za maji ya moto, na madirisha yanayofunga vizuri.

Hatua ya 7: Baraza, jiko na shamba kidogo

Baraza ndilo chumba kikuu cha nyumba ya wazee. Lipe upana wa mita 2.5 angalau, ili viti vikae na kiti mwendo kipite mbele yake. Litazame njia au lango, na siku ya wazi upande mmoja upate Kibo au Mlima Meru. Viti viwe na mikono ya kuegemea, wala visipangwe mstari mmoja ukutani kama zahanati. Vipangwe viwili viwili na vitatu vitatu, vikitazamana.

Jiko liwe wazi kwa sebule. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa humwambia mzee kuwa saa sita inakaribia kuliko saa ya ukutani. Weka meza ya chini ya kukalia, ambapo mabibi watachambua mchicha, watamenya ndizi na kusema mtori umekosa nini. Mtori wenyewe ni chakula kizuri kwa asiye na meno, na loshoro, mahindi ndani ya maziwa mgando, kwa waliozoea. Mpishi anayetoka eneo hilo anajua kuliko kitabu cha lishe. Moto wenyewe na mtungi wa gesi vitengwe kwa ukuta mfupi, mtungi ukae nje.

Nje, miche ya migomba, mboga katika matuta yaliyoinuliwa hadi sentimita 70 ili mtu alime bila kuinama, banda la kuku. Wape wazee mamlaka ya kweli juu yake: nini kipandwe, kuku yupi achinjwe Krismasi. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walieleza jaribio lao katika nyumba ya wazee ya Connecticut. Kundi moja la wazee liliambiwa kwamba maamuzi ya maisha yao ni yao, na kila mmoja akapewa mche autunze mwenyewe. Kundi jingine lilipewa mche unaomwagiliwa na wauguzi. Wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Nami nimeona babu aliyekuwa haongei akaanza kuamka alfajiri kwa sababu ya majogoo.

Tengeni chumba kimoja cha mgeni. Mzee akiwa katika siku zake za mwisho, mwanawe aliyetoka mbali alale karibu yake, asitafute gesti. Na gari lifike hadi mlango wa mbele. Wengi watazikwa kihambani kwao, na safari hiyo ianze mlango mkuu, wenzake wakiwa wamesimama kumuaga. Isipite uani.

Hatua ya 8: Fikiria wanaosahau

Wilayani Hai, katikati ya Moshi na Arusha, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Katika nyumba ya wazee idadi itakuwa kubwa zaidi, kwa sababu hao ndio familia hushindwa nao.

Mtu huyo jioni husema anataka kwenda nyumbani, na huanza kutembea. Usimjengee korido inayoishia kwenye mlango uliofungwa, maana ataugonga mpaka usiku. Tengeneza njia ya mviringo inayozunguka bustani na kumrudisha barazani, tambarare, yenye benchi kila baada ya mita 15. Kingo zake zipandwe isale, ambalo kila Mchagga analijua kuwa mpaka wa kihamba. Uzio ufichwe nyuma ya migomba, lango lisikae mbele ya macho ya aliye barazani. Kila nyumba ipakwe rangi yake ya mlango, na karibu na kila chumba awekewe kitu chake: kikapu chake, picha ya harusi, kofia. Kioo kikubwa kiweze kufunikwa, wengine huona mtu mgeni ndani yake.

Hatua ya 9: Nyumba isimame maji na umeme vikikatika

Kwa wazee 10 na wahudumu 3 napigia hesabu lita 60 kwa kila mtu kwa siku, yaani lita 780. Matanki mawili ya lita 5,000 yanawapa siku 12 hivi. Yajazeni na mvua pia: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, hivyo paa la mita 200 za mraba likipata mvua ya milimita 50 linakupa lita 10,000, toa kama robo kwa kupotea. Ya kwanza ya msimu yaachwe yasafishe bati.

Arusha na upande wa Meru, pimeni floraidi kabla ya kuchimba kisima. Sote tunalifahamu eneo la Maji ya Chai na meno ya kahawia. Madini hayo yakizidi kwa miaka huharibu pia mifupa na viungo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuyaondoi, kunayazidisha kwa sababu maji yanapungua. Maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri, au chujio la mkaa wa mifupa linalobadilishwa kwa wakati, ndiyo njia.

Umeme: sola ndogo ya taa za usiku, kengele na friji ya insulini. Msiiunganishe na pasi wala televisheni.

Moto: nyumba iwe ya chini, bila ghorofa, na chumba kiwe na njia mbili za kutoka. Grili za madirisha angalau moja kwa chumba ifunguke kwa ndani, na ufunguo uning'inie pale pale. Namba ya Zimamoto ni 114, iandikwe kwa rangi ukutani. Tetemeko nalo tunalijua. Yale ya Julai 2007 yaliyotokea upande wa milima ya Gelai na Oldoinyo Lengai yalisikika Arusha mjini. Lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, izunguke nyumba nzima bila kukatika, nondo zikishikana kwenye kona, na kabati zifungwe ukutani.

Hatua ya 10: Wahudumu

Wapeni chumba cha kupumzikia chenye dirisha, choo chao, na dawati la usiku mahali wanapoona milango yote ya nyumba bila kuinuka. Kando ya kila kitanda acheni sentimita 90 pande zote mbili, watu wawili waweze kumgeuza mzee bila kuvunja migongo yao.

Hatua ya 11: Pesa zikipungua

Zitapungua. Ondoeni nguzo za mapambo, lango la kifahari, marumaru, siling'i ya maua, hata nyumba nzima ya tatu, mtaijenga baadaye. Msiguse vyoo, mabomba ya kushika, upana wa milango, baraza na matanki. Kamati ikisema baraza ni anasa, ipelekeni tena kwa wale wazee wa hatua ya kwanza, wasikie wenyewe.

Hatua ya 12: Laleni ndani kwanza

Kabla ya mzee wa kwanza kuhamia, wanakamati wanne walale humo usiku mmoja. Umeme uzimwe. Kila mmoja avae miwani iliyopakwa mafuta, afunge kokoto ndogo ndani ya soksi, aende chooni saa nane peke yake. Mmoja azunguke na kiti mwendo kutoka lango hadi meza ya chakula. Andikeni kila mlipokwama, fundi arudi.

Kisha rudini tena baada ya masika ya kwanza. Tazameni maji yalikotuama, plasta ilikopasuka, bomba lililolegea. Halafu jioni simameni mbali muangalie viti vya barazani. Kama wazee wamevihamishia chini ya mwembe au kando ya jiko, wameshawaonyesha baraza lilitakiwa kuwa wapi. Ongezeni paa hapo.